Nusu ya Nguvu ni Haki ya Sauti: Somo la Redio kutoka Ufukwe wa Ziwa Mweru





Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kuona mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu anaandika juu ya volti na wati. Hata wenzangu wa darasani walishangaa. Lakini makala hii imetokana na kosa nililolifanya likizo iliyopita nyumbani Kashikishi, wilaya ya Nchelenge, kaskazini mwa Zambia. Kosa hilo lilinifanya nimdhulumu mdogo wangu wa kike kwa maneno, na nilipolitafuta chanzo chake nikakikuta kwenye hesabu ndogo ya sehemu za nguvu: nusu, theluthi na sudusi. Hizi ni sehemu ambazo sisi tunaosoma mirathi tunazijua kwa moyo. Nimeona niiandike hesabu hiyo ili anayependa redio anufaike, na asiyependa naye apate la kuzingatia.

NYUMBANI NA FUNDI WETU

Kwa asiyepajua, Nchelenge iko kwenye ufukwe wa mashariki wa Ziwa Mweru. Ziwa hili lina urefu wa takriban kilomita 130, na ng'ambo yake ni Kongo. Kwetu Kibemba ndiyo lugha ya soko, lakini Kiswahili hakikosekani: kinavuka ziwa na wafanyabiashara wa samaki, na tangu makazi ya wakimbizi ya Mantapala yafunguliwe mwaka 2018 kinasikika zaidi. Asubuhi ufukweni utaona chisense, wale dagaa wa kwetu, wameanikwa wakimeta. Usiku utaona taa za wavuvi majini.

Jirani yetu ni mzee mmoja fundi wa redio. Sisi vijana wote tunamwita Babu. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika chuma cha kulehemu nikiwa bado shule ya msingi. Babu hupenda kusimulia redio ya kwanza aliyoiona, ya baba yake: ile ya bluu yenye umbo la sufuria. Historia yake inajulikana. Mwaka 1949 Harry Franklin, aliyekuwa mkuu wa idara ya habari ya Rhodesia ya Kaskazini, alifanikisha kutengenezwa kwa redio ya betri kwa ajili ya watu wa vijijini. Iliuzwa pauni 5, na betri yake, iliyodumu kama saa 300, pauni 1 na shilingi 5. Watu waliiita redio "wayaleshi". Matangazo yalitoka Lusaka, zaidi ya kilomita 600 kutoka kwetu kwa mstari ulionyooka, na sauti ilifika ikieleweka.

Babu husema, "Mjukuu wangu, yule aliyekuwa Lusaka hakuturushia umeme. Alituma neno." Nilikuwa nikilisikia hilo kama msemo wa wazee tu. Likizo iliyopita nikalielewa kwa hesabu.

MTAMBO WETU NA KOSA LANGU

Tuliamua kuunda upya transmita ndogo ya redio ya ridhaa kwa valvu, yaani vile vioo vinavyowaka ndani ya redio za kale. Redio ya ridhaa ni ile ya mtu anayejifunza na kuwasiliana na wenzake kwa mapenzi ya fani, bila biashara. Ina sheria zake, nazo nitazigusa mbele. Kwa kuwa mimi sina leseni, na ya Babu ilikwisha muda, hatukuunganisha waya wa angani hata mara moja. Nguvu yote tuliielekeza kwenye mzigo bandia: balbu ya kawaida ya nyuzi iliyofungwa mahali pa antena. Mawimbi machache yanayovuja hapo hayaendi mbali, lakini redio iliyo upande wa pili wa ua inaweza kuyadaka.

Hatua ya mwisho ya mtambo ilikuwa valvu moja ya 807. Tuliipa volti 600, na mita ikasoma miliampea 100. Zidisha: 600 mara 0.1 ni wati 60 zinazoingia. Zikatoka kama wati 40 kwenye balbu, maana theluthi moja hupotea kama joto. Balbu ikawaka vizuri. Nikafurahi kama mtoto siku ya Idi.

Kwa upande wa sauti, nilichukua kikuza sauti cha santuri ya zamani chenye uwezo wa wati 5 hivi. Nilijiambia: sauti ni sauti, wati 5 zinajaza chumba kizima, zitashindwaje na waya?

Nikampa mdogo wangu redio na daftari, akakae upande wa pili wa ua. Mimi nitasoma maneno ishirini, yeye ayaandike. Aliporudi alikuwa na maneno kumi na mawili tu, na mengine yalikuwa ya kubahatisha. Akasema, "Kaka, redio ilinyamaza vizuri ulipowasha, mvumo ukaondoka. Lakini wewe nilikusikia kama uko ndani ya mtungi." Nikamjibu mbele ya watu kuwa hana masikio, na kwamba mtambo wa wati 60 hauwezi kuwa na kosa. Akaweka daftari chini akaenda zake.

Babu hakusema kitu. Aliniambia tu nipige mluzi kwenye maikrofoni huku nikiitazama balbu. Nikapiga. Balbu haikubadilika kwa macho yangu. Akasema, "Basi mtoto alikuwa mkweli."

SAUTI HUPANDISHWAJE KWENYE WIMBI?

Tuanze na msingi. Transmita ikiwashwa bila mtu kuzungumza, hutoa wimbi moja tulivu. Tuliite wimbi mbebaji. Hili halina habari yoyote. Ni kama mtumbwi mtupu unaovuka ziwa: unaonekana, lakini haujaleta kitu.

Katika mfumo wa AM, sauti huandikwa kwa kulikuza na kulipunguza wimbi mbebaji kulingana na mtetemo wa sauti. Kazi hiyo inaitwa modulesheni. Njia moja ya kuifanya, na ndiyo iliyotumika katika mitambo mingi mikubwa ya utangazaji ya zamani, ni modulesheni ya anodi. Valvu ya mwisho hupata umeme wake kupitia anodi. Sisi tunaweka transfoma katikati ya njia hiyo, na kupitia transfoma tunaongeza au kupunguza volti za anodi kwa kufuata sauti. Sauti ikipanda, volti zinapanda, ikishuka, zinashuka. Wimbi nalo linafuata.

Zingatia neno moja hapo: tunaongeza. Volti hizo za ziada zina mwenye kuzilipa, na mwenyewe ni kikuza sauti, ambacho katika kazi hii tunakiita modulata. Modulata haifanyi kazi ya kufungua na kufunga bomba tu. Inaleta nguvu yake yenyewe na kuitia kwenye mtambo. Hapo ndipo nilipokosea.

NUSU INATOKA WAPI?

Tuseme tunataka modulesheni kamili, asilimia 100. Maana yake, sauti inaposhuka chini kabisa volti za anodi zifike sifuri, na inapopanda juu kabisa zifike mara mbili ya kawaida. Kwa mtambo wetu, kutoka 0 hadi 1,200, katikati ikiwa 600. Kwa hiyo modulata lazima iweze kusukuma volti 600 juu na 600 chini.

Sasa, valvu ya mwisho inaonekanaje mbele ya modulata? Inaonekana kama ukinzani tu. Gawanya volti kwa mkondo: 600 kwa 0.1 ni omu 6,000. Hii ni namba ya kwanza ya kuikumbuka.

Kwa sauti nyofu kama mluzi, kilele cha volti 600 ni sawa na wastani wa kazi wa volti 424 (gawanya kwa 1.414). Nguvu ni volti mara volti, gawanya kwa omu: 424 mara 424 ni karibu 180,000, gawanya kwa 6,000 unapata wati 30.

Wati 30 ni nusu ya wati 60. Haikutokea kwa bahati. Ukifanya hesabu hii kwa volti na mkondo wowote utapata nusu. Kanuni ni hii:

Kwa modulesheni kamili ya anodi, nguvu ya sauti inayohitajika ni nusu ya nguvu ya umeme inayoingia kwenye anodi ya hatua ya mwisho.

Mtambo wa wati 100 unataka wati 50 za sauti. Wa wati 1,000 unataka 500. Ndiyo maana katika mitambo ya namna hii modulata huwa kubwa na nzito karibu sawa na transmita yenyewe, na anayeiona mara ya kwanza hudhani kuna mitambo miwili.

Je, ukitoa pungufu? Hapo kanuni ni kali kuliko tunavyodhani, kwa sababu nguvu hufuata kipeo cha pili cha kiwango. Ukitaka nusu tu ya modulesheni, asilimia 50, unahitaji robo ya ile nusu, yaani thumuni: wati 7.5 kwa mtambo wetu. Na mimi niliyekuwa na wati 5? Mara mbili ya 5 ni 10. Gawanya kwa 60. Chukua kipeuo cha pili: unapata 0.41. Nilikuwa naimodulia transmita kwa asilimia 41 tu, tena kabla ya kuhesabu upotevu wa transfoma.

MASALA YA MABINTI WAWILI NA WAZAZI

Sasa tuje kwenye fani yetu. Sauti ikishapanda kwenye wimbi, nguvu inayotoka hugawanyika sehemu tatu. Kuna wimbi mbebaji katikati, na kuna mikanda miwili ya pembeni, mmoja juu na mmoja chini ya masafa ya wimbi mbebaji. Habari yote, kila neno, iko kwenye mikanda hiyo ya pembeni. Wimbi mbebaji halibebi hata herufi moja.

Katika mtambo wetu wimbi mbebaji lilikuwa wati 40. Modulata ikileta wati 30, theluthi moja inapotea kama joto, zinatoka wati 20, na mikanda miwili inagawana sawasawa: 10 na 10. Jumla inayotoka ni wati 60. Basi:

Wimbi mbebaji: 40 kati ya 60, theluthi mbili.
Mkanda wa juu: 10 kati ya 60, sudusi.
Mkanda wa chini: 10 kati ya 60, sudusi.

Msomaji wa mirathi ameshatabasamu. Mtu amefariki, ameacha mabinti wawili, baba na mama. Baada ya madeni na wasia zimebaki kwacha 60,000. Mabinti wawili wana theluthi mbili: 40,000. Mama ana sudusi: 10,000. Baba ana sudusi: 10,000, na hakuna kilichobaki cha kuchukua kwa uasaba. Asili ya masala ni sita: nne, moja, moja.

Tahadhari, ndugu zangu. Sisemi kuwa redio imethibitisha mirathi, wala mirathi imetabiri redio. Dini yetu haihitaji mapambo ya namna hiyo, na mwenye kuyatafuta mara nyingi huishia kuaibika. Nimeleta mfano huu kwa sababu unarahisisha kukumbuka: ukiijua masala ya mabinti wawili na wazazi, umeijua hesabu ya AM kamili. Kuna na tofauti muhimu ya kuzingatia. Katika mirathi fungu la mabinti halimzuii mzazi asipate sudusi yake. Katika redio wimbi mbebaji huchukua lake hata sauti ikose kabisa. Nilipotumia wati 5, wimbi mbebaji lilibaki na wati zake 40 kamili, na mikanda yote miwili ikaambulia wati 3 na kitu badala ya 20. Sauti ilipata sudusi ya haki yake, na mita ya transmita haikunionyesha chochote.

Hapa pia ndipo penye jibu la mdogo wangu. Redio nyingi zina sehemu inayopima ukubwa wa wimbi mbebaji na kujipunguza yenyewe wimbi likiwa na nguvu. Wimbi letu lilifika imara, redio ikajipunguza, mvumo ukaondoka, na pamoja na mvumo ikapungua ile sauti dhaifu iliyokuwemo. "Redio ilinyamaza vizuri ulipowasha," alisema. Alieleza tatizo lote kwa sentensi moja, na mimi nikasema hana masikio.

Na balbu? Kwa mluzi wa modulesheni kamili, jumla ya nguvu inapanda kutoka 40 hadi 60, na mkondo unaokwenda kwenye antena au mzigo unapanda kwa karibu asilimia 22. Balbu inang'aa waziwazi. Kwa wati zangu 5, mkondo ulipanda kama asilimia 4. Macho hayawezi kuliona hilo.

KUPANGA MODULATA INAYOTOSHA

Tulianza upya, safari hii kwa kalamu kwanza. Ukitaka kufanya kama sisi, fuata mpangilio huu.

Kwanza, hesabu mikondo yote inayopita kwenye transfoma. Valvu ya 807 ina gridi ya pili, nayo lazima volti zake zipande na kushuka pamoja na anodi. Ukiiacha na volti tulivu, modulesheni haifiki kamili na sauti inakwaruza. Tuliilisha kupitia kizuizi kutoka kwenye umeme uleule uliomoduliwa. Mita ilisoma miliampea 8 za gridi hiyo. Kwa hiyo mkondo ni 108, si 100. Wati zinazoingia ni 64.8, nusu yake ni 32.4, na ukinzani ni omu 5,556.

Pili, ongeza upotevu wa transfoma. Tukikadiria asilimia 15, gawanya 32.4 kwa 0.85: unapata wati 38. Tukaandika 40.

Tatu, chagua valvu za kuitoa nguvu hiyo. Valvu mbili za 6L6 zikifanya kazi kwa kupokezana, kwa volti 360 na zikisukumwa kwa nguvu inavyotakiwa, hutoa hadi wati 47, na zinataka kuona omu 3,800 kutoka anodi hadi anodi. Zikisukumwa kwa upole zaidi, bila mkondo wa gridi, hutoa 26.5 tu, na hizo hazitutoshi. Tazama jinsi jina la valvu peke yake lisivyokuambia kitu. Namna ya kuitumia ndiyo inayoamua.

Nne, uwiano wa transfoma. Gawanya 5,556 kwa 3,800, chukua kipeuo cha pili: 1.21. Upande wa transmita uwe na mizunguko mara 1.21 ya upande wa modulata. Ukiweka transfoma ya uwiano mwingine, valvu zako zitaona mzigo usio wake, na wati ulizozihesabu hutazipata.

Tano, kumbuka kuwa mkondo wa transmita unapita kwenye waya wa transfoma muda wote kwa upande mmoja. Chuma cha transfoma ya kawaida hushiba kwa mkondo huo na kushindwa kubeba sauti. Transfoma ya kazi hii huachiwa upenyo mdogo katika chuma chake.

SAUTI YA MTU SI MLUZI

Baadhi ya wasomaji watauliza: hesabu yote hii ni ya mluzi, na mimi nazungumza. Ni swali zuri. Sauti ya mtu ina vilele vya ghafla na mabonde marefu, hivyo wastani wa nguvu yake ni mdogo sana kuliko wa mluzi wenye kilele kilekile. Kwa hiyo modulata haitapata joto kama ile inayopigiwa mluzi saa nzima, na umeme inaoutumia kwa wastani ni mdogo.

Lakini usidanganyike ukapunguza uwezo wake. Kilele kikija kinataka volti zilezile 600 na mkondo uleule. Modulata isiyoweza kufika huko hukata vichwa vya maneno, na sauti inakuwa ngumu kueleweka. Unaweza kupunguza kidogo ukubwa wa chombo cha kutoa umeme, lakini kilele hakina punguzo.

Jambo la kusaidia ni kuchuja sauti kabla haijakuzwa. Kwa mazungumzo inatosha kupitisha kuanzia hezi 300 hadi 3,000. Mngurumo ulio chini ya 300 hula nguvu nyingi na kuongeza ufahamu kidogo sana. Na kwa kuwa kila mkanda wa pembeni una upana sawa na sauti, ukikomea hezi 3,000 unatumia upana wa kilohezi 6 tu na kuwaachia wenzako nafasi.

KUZIDISHA NI DHULUMA

Modulata mpya ilipokamilika nilifanya kosa la pili, la upande wa pili. Niliona nguvu ninayo, nikazungusha kitufe hadi mwisho. Redio iliyotegwa kilohezi 20 pembeni ya masafa yetu ikaanza kutoa mchakacho kila nikitamka.

Sababu yake ni hii. Volti za anodi zikishafika sifuri haziwezi kushuka zaidi; transmita inazimika kwa nukta hiyo ya wakati. Wimbi linakatwa kama kwa kisu, na kila ncha kali katika wimbi huzaa masafa mapya ambayo hukuyakusudia. Masafa hayo huangukia kwa jirani. Juu unaweza kupita asilimia 100 ikiwa valvu inamudu, lakini chini, hapana. Na kwa kuwa sauti za watu wengi zina vilele virefu zaidi upande mmoja, mafundi hugeuza nyaya ili upande mrefu uelekee juu.

Katika mirathi, mafungu yakizidi mali tuna aul: kila mrithi anapunguziwa kwa uwiano. Redio haina aul. Ukizidisha, hakuna anayepunguziwa kwa haki. Maneno yako yanaharibika na anayeumia ni mtu wa pembeni asiyehusika. Kwetu sisi tunaosoma kanuni za fiqhi, inayokataza madhara inatosha hapa. Masafa ni kitu cha pamoja kama ziwa. Kwetu uvuvi hufungwa kila mwaka kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane, na anayevua kwa siri humwibia kila mtu.

Ndiyo sababu ya leseni. Zambia mamlaka ni ZICTA, Tanzania ni TCRA. Vituo vya Zambia huanza na 9J, vya Tanzania 5H, vya Kongo 9Q, na katika ukanda wetu moja ya bendi za ridhaa ni kilohezi 7,000 hadi 7,200. Redio ya ridhaa si ya biashara, wala si ya kutangazia umma. Nasema hivi kwa sababu ndugu mmoja aliposikia habari hii alinipendekezea turushe mawaidha usiku. Nia ni njema, lakini kuiendea heri kwa kuvunja ahadi si njia yetu.

KUHIFADHI NAFSI

Volti 600 zinaua. Na ukumbuke kuwa wakati wa sauti zinafika 1,200, kwa hiyo kila kifaa kwenye njia hiyo kiwe cha kuhimili zaidi ya hapo. Zima, chomoa, subiri, kisha gusisha nguzo za kondensa kwa fimbo yenye mpini usiopitisha umeme iliyofungwa kwenye waya wa ardhini, maana kondensa huhifadhi umeme hata baada ya kuzima. Usifanye kazi peke yako. Usiiwashe modulata ikiwa transmita haijaunganishwa: transfoma isiyo na mzigo hupandisha volti hadi kutoboa insulesheni yake yenyewe. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sheria yetu, wala hakuna udhuru wa haraka.

HITIMISHO

Siku ya tatu tulirudia jaribio. Nilimfuata mdogo wangu jikoni, nikamwomba radhi mbele ya walewale waliosikia nilivyomsema, nikamwomba aje tena na daftari. Alikuja, ingawa alinichelewesha kidogo kwa makusudi. Wati zinazoingia zilikuwa zilezile. Wimbi mbebaji lilikuwa lilelile. Nilipopiga mluzi balbu ikang'aa, Babu akacheka. Nikasoma maneno ishirini mapya. Akaandika kumi na tisa. Lile moja alilolikosa nililitamka vibaya mimi.

Ndugu zangu, sisi tunaosoma elimu ya dini tunaandaliwa kusimama mbele za watu. Leo ni rahisi kupata wimbi mbebaji: jukwaa, spika kubwa, wafuasi mitandaoni. Mita zote zitasoma vizuri. Lakini ikiwa hatukuandaa elimu inayolingana na jukwaa lenyewe, watu watasikia ukimya mzuri tu, na tutawalaumu masikio yao. Na tukizidisha kelele, tutawaharibia na wengine. Tujiulize kila mmoja: katika nguvu zangu, ni kiasi gani nimekiweka katika neno lenyewe?

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Transmita inapewa volti 500 na mkondo wa jumla wa miliampea 80. Inahitaji wati ngapi za sauti kwa modulesheni kamili, na modulata inaona omu ngapi?
2. Mwenye transmita hiyo ana modulata ya wati 5. Atafikia kiwango gani cha modulesheni?
3. Katika transmita yenye wimbi mbebaji la wati 24 lililomoduliwa kikamilifu, kila mkanda wa pembeni una wati ngapi?

Majibu: (1) Wati 20, omu 6,250. (2) Asilimia 50, kwa kuwa 5 ni robo ya 20. (3) Wati 6: jumla ni 36, na sudusi yake ni 6.